Land Rover Iliyo Juu ya Mawe: Tazama Chesisi Kabla ya Injini

"Linawaka hili, betri tu ndiyo imekufa." Kila anayeuza Land Rover kuukuu, awe Karatu, Mbulu, Lushoto au Makete, huanza na kauli hiyo, na mara nyingi hasemi uongo. Ataazima betri kwa jirani, atapiga selfu, injini itakohoa moshi wa buluu kisha itanguruma, na mnunuzi mgeni atakuwa ameshauziwa hapo hapo. Wengi hupotezea fedha zao kwenye dakika hiyo, kwa sababu wamelipia kile ambacho ni rahisi kukitengeneza kuliko vyote kwenye gari lile, na hawajainama kutazama kile ambacho kikiharibika humaliza fedha na hamu kwa pamoja.

Injini ya Land Rover ya zamani hufa na kufufuka. Spea zake zipo, na mafundi wanaoijua wamejaa kuanzia Arusha hadi Mbeya. Ila chesisi ikiwa imeoza na kadi ya gari ikiwa na utata, umenunua chuma chakavu kwa bei ya gari. Kwa hiyo anayeanza aniruhusu nimgeuzie mpangilio wa mambo: kwanza chesisi, pili kadi, tatu breki, na injini ingoje zamu yake.

Nazungumzia Land Rover kwa makusudi. Wapo wanaoipenda Peugeot 504, wapo wa Volkswagen na wa Datsun pikapu, na wote nawaelewa. Lakini kwa mtu asiyewahi kufungua gari, sijaona mwalimu bora kuliko zile Land Rover za Series zenye springi za majani, zilizotengenezwa hadi 1985, fupi za inchi 88 na ndefu za inchi 109. Karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti na nati, kinafunguliwa kwa spana za kawaida, na hakuna kompyuta ya kukuficha ugonjwa. Arusha walipofanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024, gari hizi kuukuu zilipita barabarani pamoja na wajukuu zao, na nyingi kati yake zilikuwa bado zinafanya kazi ya kubeba watu na mizigo siku za kawaida.

Ili ujue pa kutazama unaponunua, inafaa kujua gari hili lilizaliwaje. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, aliyekuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover huko Uingereza, alikuwa akitumia jeep ya jeshi la Marekani kwenye shamba lake la Anglesey, Wales, akaona kampuni yake inaweza kutengeneza gari la mkulima la namna hiyo. Chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Mashine kubwa za kukandamiza chuma zilikuwa ghali mno, hivyo chesisi ikaundwa kwa mabapa ya chuma yaliyokatwa na kuchomelewa kwenye kona nne mpaka yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Gari likaonyeshwa hadharani Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Maamuzi hayo mawili ya wakati wa shida ndiyo yanayomhusu mnunuzi wa leo. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo bodi inaweza kuonekana nzima baada ya miaka 50, imebonyea tu hapa na pale, huku chini yake chesisi ikiwa imekwisha. Na kwa kuwa chesisi ni boksi, tope na maji huingia ndani na kukaa, kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukiona tundu kwa nje, ujue kazi ilishaanza zamani.

Basi nenda na nguo za kazi, tochi, nyundo ndogo, bisibisi nene, brashi ya waya na futi kamba. Muombe mwenye gari ruhusa, kisha lala chini ya gari. Akikataa usiingie chini, mshukuru, aga, ondoka. Ukiwa chini, gonga chesisi polepole kuanzia mbele kwenda nyuma, juu, pembeni na chini. Chuma kizima hutoa mlio mkali unaolia sawasawa. Kilichooza hutoa mlio butu, na mahali pengine nyundo itabonyeza badala ya kudunda. Hapo weka ncha ya bisibisi na usukume. Ikizama, umeshapata jibu.

Boriti ya mwisho kabisa ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, ndiyo huoza mapema, kwa sababu magurudumu ya nyuma huirushia tope maisha yake yote. Ikiwa ni hiyo tu iliyoliwa, usikate tamaa, hukatwa na kuchomelewa nyingine. Kagua kwa makini zaidi pale chesisi inapopanda na kupita juu ya ekseli ya nyuma, na zile ncha za mbele zinazoshika springi, kwa sababu sehemu hizo zinabeba uzito wa gari na mwelekeo wa magurudumu. Kagua pia vikono vinavyotoka ubavuni mwa chesisi kushika bodi. Kwenye gari lililofanya kazi ya barabara mbovu tafuta nyufa nyembamba karibu na vishikio vya springi. Zisugue kwa brashi, maana vumbi na grisi huzificha.

Mambo mawili hunifanya nirudi nyuma bila mjadala. La kwanza ni kiraka juu ya kiraka. Fundi wa kuchomelea aliyebandika bapa jipya juu ya chuma kilichooza hakutengeneza kitu, amefunika, na kutu inaendelea kula katikati ya mabapa hayo mawili. La pili ni chesisi iliyopakwa rangi nyeusi nzito hivi karibuni huku gari lingine lote likiwa na vumbi la miaka. Hakuna mtu anayehangaika kupaka rangi tumboni mwa gari lisilotembea isipokuwa ana sababu.

Uliza gari limeishi wapi. Lililokaa Singida, Dodoma au Simanjiro mara nyingi litakuwa na mpira uliokauka na chuma kizuri. Lililokaa Tanga, Mombasa au Pemba limevuta hewa ya chumvi kila siku, na linahitaji ukaguzi mara mbili. Mwisho, pima kwa futi kamba kutoka kishikio cha springi cha mbele kushoto hadi cha nyuma kulia, kisha upande wa pili vivyo hivyo. Vipimo visipolingana, gari limewahi kugongwa au kupinduka na chesisi imepinda. Kunyoosha chesisi si kazi ya mwanafunzi.

Ukishatoka chini, tazama ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva. Kwenye Land Rover za Series, ukuta huo ni chuma cha kawaida, si aluminiamu, na ndio unaoshika kioo cha mbele, bawaba za milango na usukani. Inua mazulia, gonga sakafu ya miguu, gusa kona zilizo chini ya kioo na mwanzo wa nguzo za milango. Utaona pengine unga mweupe pale aluminiamu inapogusana na chuma. Metali mbili tofauti zikilowa pamoja, aluminiamu ndiyo huliwa, na unga ule ndio mabaki yake. Kwenye milango si hatari, ila unakuonyesha maji yalikuwa yakikaa wapi.

Sasa kadi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chesisi yenyewe, upande wa kulia mbele, kwenye kishikio cha springi. Itakuwa imefunikwa na grisi na tope lililoganda, hivyo pangusa kwa mafuta ya taa na brashi ya waya mpaka tarakimu zisomeke, kisha ulinganishe na kibao kilicho ndani ya gari na kadi iliyo mkononi mwa muuzaji. Vyote vitatu viwe na namba moja. Namba yenyewe ina habari: Series III nyingi zilizotengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuuzwa nje zikiwa na usukani wa kulia zinaanza na 902 kwa fupi za petroli na 912 kwa ndefu. Muuzaji akikuambia hili ni la 1965 na namba inaanza hivyo, hajui gari lake au hataki wewe ulijue.

Namba ya injini iko kwenye bloku, upande wa kushoto mbele. Usishangae ikitofautiana na kadi. Katika miaka 40 au 50 injini inaweza kuwa imebadilishwa mara kadhaa, na wengi hawakwenda TRA kuandikisha mabadiliko. Hilo linarekebishika, lakini lirekebishwe na muuzaji kabla fedha haijatoka. Mnunuzi aliye Kenya afanye ukaguzi huo huo kwa logibuku na kumbukumbu za NTSA. Tena yeye ana sababu ya ziada ya kulithamini gari lenye hati safi, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo Land Rover kuukuu anayoitaka lazima aitafute humo humo nchini, nyingine zikiwa zimeunganishwa Thika kwenye kiwanda cha Leyland Kenya.

Tatizo kubwa la kadi ni la kifamilia kuliko la kiofisi. Gari lilikuwa la marehemu mzee, watoto ni wanane, na anayeuza ni mmoja wao. Hapo mwenye haki ya kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama huyo kijana ndiye aliyekuwa akilifuta vumbi gari la baba yake. Muulize kwa heshima: "Pole kwa msiba, kaka. Msimamizi wa mirathi ni nani, na ndugu wengine wanajua gari linauzwa?" Jibu likija haraka na likiwa na jina, endelea. Likija kwa kuzunguka, subiri. Kwa gari lililotoka serikalini au kwenye mradi, ambalo ubavuni bado yanasomeka maandishi ya zamani, dai karatasi za mnada. Na usikubali mpango wa nusu sasa, nusu kadi ikipatikana. Kadi iliyopotea kwa miaka 20 haipatikani kwa sababu wewe umetoa nusu.

Kuhusu bei, nitasema machache. Gari lililo kamili ambalo haliwaki ni nafuu kuliko gari nusu linalowaka. Vioo, fremu za milango, taa, geji, levu za gia, hata kofia ya tenki, vikikosekana utavitafuta kimoja kimoja Gerezani kule Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, na mwisho wake utashangaa. Bei ya kununulia iwe theluthi moja ya fedha uliyonayo. Theluthi mbili zibaki kwa kazi.

Kulileta nyumbani, lipakie kwenye lori. Gari lililolala juu ya mawe halina breki hata kama pedali ni ngumu, na tairi zake zimepasuka pembeni hata kama zinashika upepo. Usilifunge kamba ukalivuta kwenye mlima.

Hapa kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wa Land Rover analazimika kulijua kabla hajashika jeki. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Ni ngoma moja iliyoko nyuma ya giaboksi, inashika propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka, na lile lililo chini linakuwa huru kubingirika. Gari litatembea na kuanguka kutoka kwenye jeki huku breki ya mkono ikiwa imevutwa hadi mwisho. Vivyo hivyo propela ikifunguliwa au hafu shafti ikikatika: breki ya mkono haishiki chochote. Kwa hiyo weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, kila mara, hata kama unabadilisha tairi tu uwanjani kwako, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Watu wengi hushangaa ninapowaambia waanze na breki kabla ya injini. Sababu yake ni tabia ya binadamu. Injini ikishawaka, hutajizuia. Utataka kwenda hadi barabarani tu na kurudi, na kwenye hiyo "hadi barabarani tu" kuna watoto wanaotoka shule. Breki za Land Rover za Series ni za ngoma magurudumu yote, ngoma za inchi 10 kwenye fupi na inchi 11 kwenye ndefu, na za zamani zina mzunguko mmoja wa mafuta. Maana yake ni kwamba paipu moja ikivuja popote, gari zima linabaki bila breki.

Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa. Gari likikaa miaka, unyevu ule hutua ndani ya masta silinda na silinda za magurudumu na kuchimba vijishimo kwenye kuta zake. Fundi atakuambia anaweza kusugua kwa msasa na kuweka raba mpya. Kwa vijishimo vidogo itashika wiki kadhaa, kisha itaanza kuvuja tena. Badilisha silinda zote, kwa kuwa si ghali, na badilisha hosi zote tatu za mpira. Hosi ya zamani huvimba kwa ndani mpaka tundu linaziba: unakanyaga, mafuta yanapita kwa nguvu ya mguu, unaachia, hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa hadi ngoma inaanza kutoa moshi. Anayeona hivyo hulaumu breki shuu, akazikaza na kuzilegeza siku nzima, kumbe kosa liko kwenye kipande cha mpira ambacho kwa nje hakina hata ufa.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti, mwingine analala kwenye gurudumu akiwa na spana ndogo, kimpira chembamba na chupa yenye mafuta ya breki kidogo.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, fundi."

"Shikilia hapo hapo, usiachie mpaka nikwambie."

Nati inafunguliwa robo mzunguko, mapovu yanatoka chupani, nati inafungwa, ndipo aliye juu anaachia. Akiachia mapema, hewa inarudi ndani na mnaanza upya. Anzieni gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mje mkisogea, na msiruhusu kikombe cha juu kikauke. Land Rover ndefu inasumbua katika hili kuliko fupi, maana magurudumu yake ya mbele yana silinda mbili kila moja. Kaza kwanza breki shuu zote mpaka ziguse ngoma, toeni upepo, kisha zilegezeni. Pedali itakuwa fupi na ngumu.

Haya, sasa tuiamshe injini. Nitazungumzia ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2286 iliyofungwa kwenye Series nyingi kuanzia 1958, kwa sababu ndiyo utakayoikuta mara nyingi ikiwa haijabadilishwa. Usipige selfu. Injini iliyokaa miaka ina ringi zilizogandana na kuta za silinda na valvu zilizokwama, na selfu haina huruma wala hisia.

Chomoa kijiti cha oili kwanza. Oili iliyo na rangi kama chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na hiyo ni habari ya gasketi au ya hedi iliyopasuka. Fungua plagi zote nne, uzipange kwa mfuatano, kwa sababu kila plagi inaeleza hali ya silinda yake. Mimina oili nyepesi kidogo kupitia kila tundu, kiasi cha kijiko kimoja kikubwa, uache siku mbili au tatu inyonywe. Mwaga oili ya zamani, weka filta mpya na oili mpya ya 20W-50, lita 6 na kidogo zaidi kwa ajili ya filta.

Kisha chukua hendeli. Land Rover hizi zina tundu la hendeli mbele, chini ya rejeta, na ninaona hendeli ni kifaa bora kuliko vyote kwa anayeanza, kwa sababu mkono unasikia. Weka gia huru, plagi zikiwa nje bado, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisha zungusha taratibu. Injini nzima itazunguka kwa uzito ulio sawa. Ukisikia inakwaruza kidogo kisha inalainika, endelea, ni ringi zinajisafisha. Ukisikia inagota mahali pamoja kila mara, acha. Fungua kifuniko cha valvu umwangalie mhalifu, ambaye mara nyingi ni valvu moja iliyoganda na kuipinda fimbo inayoisukuma. Anayelazimisha hapo kwa bomba refu huvunja kitu ambacho kingeshughulikiwa kwa dawa ya kulegeza kutu na subira.

Ikizunguka vizuri kwa mkono, hapo selfu inaruhusiwa, plagi zikiwa bado nje, mpaka taa ya oili izimike au geji ipande. Sasa ujue oili imefika juu. Kabla ya kuunganisha betri, angalia ni waya upi unaokwenda kwenye bodi. Series III zinatumia hasi, lakini Series I, II na IIA za mwanzo zinatumia chanya. Ukifunga kinyume utaunguza vitu.

Petroli iliyo tenkini usiitumie. Imegeuka ikawa na harufu ya vanishi, na itaacha gundi kwenye kabureta yote. Tenki mara nyingi liko chini ya kiti. Lishushe, lisafishwe, ulitazame ndani kwa tochi. Kwa jaribio la kwanza, injini inywe kutoka kidumu kidogo chenye petroli safi kilichowekwa mbali na sehemu za moto, na mtu asimame karibu akiwa na mtungi wa kuzimia moto. Kwenye distributa, safisha pointi kwa msasa laini, uzipime kwa fila geji ziwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Plagi ziwe na nafasi ya milimita 0.75 hadi 0.80. Waya za plagi zifuate mpangilio wa 1-3-4-2. Ukishakuwa na cheche ya buluu na petroli safi, injini hii haina sababu ya kukataa.

Ikiwaka, tega sikio kwenye valvu. Injini hizi zilibuniwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikikinga viti vya valvu za kutolea moshi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vyetu. Tulishukuru, kwa sababu risasi ilikuwa inawadhuru watoto wetu vichwani. Lakini hedi isiyowahi kufunguliwa tangu wakati huo, ikiendeshwa kwa kasi na mzigo, viti vyake huliwa kidogo kidogo na valvu huzama. Dalili yake ni nafasi ya tapeti inayopungua kila unapoipima. Kipimo sahihi ni milimita 0.25. Injini ikija kuhitaji kazi ya hedi, fundi wa mashine aweke viti vipya vya chuma kigumu, na jambo hilo litakuwa limekwisha.

Wapo watakaokushauri uitupe injini hiyo na kuweka dizeli ya Kijapani. Kwa mtu wa Loliondo anayebeba abiria na magunia kila siku, siwezi kumpinga, kwani ile ya petroli hunywa sana. Kwa anayeanza, namkatalia. Kubadilisha injini kunahitaji kukata vishikio vya chesisi, kurefusha au kufupisha propela, kubadili rejeta na kuandikisha upya kadi, na mwisho wake unapata gari ambalo hakuna kitabu kinacholieleza. Jifunze kwanza lile lililoandikwa.

Usisahau oili nyingine zilizojificha: giaboksi lita 1.5, boksi la pili la gia (transfa) lita 2.5, difu za kawaida lita 1.75 kila moja, na ile mipira ya chuma inayong'aa nyuma ya magurudumu ya mbele nusu lita kila mmoja, zote za EP90. Fungua kila moja uone kinachotoka, kwa sababu gari lililovuka mito huwa na maji kwenye difu, na maji hukaa chini ya oili, yakatoka mwanzo.

Umeme mpe fundi umeme, lakini msisitizie waya za bodi. Aluminiamu hujitengenezea utando usiopitisha umeme, na taa nyingi za Land Rover zinazofifia hazina ugonjwa mwingine. Waya mpya kutoka kila taa hadi chesisi huzirudishia mwanga. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Nimeona magari mengi yamepakwa rangi ya kijani ya kuvutia mwezi wa kwanza, na mwaka wa tatu bado yako juu ya mawe yale yale, kwa kuwa fedha iliishia kwa fundi rangi.

Unapoajiri fundi, mlipe kwa kazi iliyokamilika, na uwepo inapofanyika. Kila bolti unayofungua iende kwenye kikopo chenye jina la mahali ilipotoka, na piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote. Spea mpya bado zinatengenezwa, lakini ubora wake unatofautiana sana. Kwa pointi, kondensa na raba za breki, lipa zaidi kidogo upate zinazoaminika.

Safari ya kwanza iwe fupi, kwenye barabara tambarare usiyoishiriki na magari mengi. Simama baada ya kilomita tano, shika kila habu kwa kiganja. Inayounguza ina breki inayoshikilia au beringi iliyokazwa kupita kiasi. Tazama chini kama kuna tone jipya, ukumbuke tone dogo la oili kwenye mipira ile ya mbele si dharura, ila tone la mafuta ya breki ni mwisho wa safari ya siku hiyo. Ukifikisha kilomita 500, mwaga oili ya injini tena kwa kuwa imebeba uchafu wote wa miaka iliyolala, kaza yubolti za springi na bolti za hedi kwa spana ya kipimo, pima tapeti upya, kisha uandike tarehe na kilomita kwenye daftari litakalokaa ndani ya gari.